Gazeti Juu ya Snea

Mwaka 2006 nilipata kazi nisiyoitaka. Bendi yetu ya dansi ilikuwa imesambaratika kwa ugomvi wa pesa za viingilio, na mimi, mpiga drams wa sebene niliyezoea kuvunja vijiti pale Sinza, nikajikuta kwenye hoteli moja ya ufukweni Dar es Salaam, nimekaa nyuma ya kinanda na besi huku wageni wakila samaki. Watu watatu tu. Hakuna mwimbaji, wala rapa wa kutaja majina ya mapedeshee.

Usiku wa kwanza, wimbo wa pili haujaisha, meneja akaniinamia sikioni. "Kaka, wageni hawasikilizani." Nikapunguza. Akarudi tena. Mara ya tatu hakusema neno, alishusha tu kiganja taratibu, kama mtu anayetuliza mbwa. Nikaapa moyoni kwamba nikishalipwa sirudi.

Wakati wa mapumziko, mzee wa kinanda, mstaafu wa bendi ya jeshi, akanitolea brashi mbili kwenye mkoba wake. Nilikuwa nimeziona kwenye picha tu. Mpini wa mpira, na ukisukuma kwa nyuma, nyaya nyembamba za chuma zinachomoza na kutanuka kama kipepeo cha jiko la mkaa. Tuliporudi kupiga nikazishika, nikapiga vilevile nilivyopiga vijiti. Twa, twa, twa.

Mzee akaondoa mikono kwenye kinanda. "Kijana, unaua nzi?"

Mpiga besi alicheka hadi akapotea. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, iliyotolewa Marekani mwaka 1913, ambayo ndiyo asili ya brashi hizi, ilikuwa kweli ya kifaa cha kuulia nzi, chenye nyaya za kuingia na kutoka kwenye mpini. Wapiga ngoma wakakiona, wakakibeba. Lakini usiku ule nilijua nimetukanwa tu.

Nilipomuaga alinipa CD isiyo na jalada. "Kasikilize. Usipige, sikiliza."

Niseme ukweli, nilikuwa na aibu. Nyumbani kwetu kulikuwa na santuri za Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, neno Jazz limejaa kabatini, na nilikuwa nimefika umri wa miaka thelathini na moja bila kumsikiliza mpiga drams wa jazz hata mmoja kwa makini. CD ile ilikuwa ya mpiga kinanda Ahmad Jamal, na Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye drams, iliyorekodiwa Januari 1958 huko Chicago. Mara ya kwanza nilidhani mtu wa drams hakuja kazini siku hiyo.

Mara ya tatu, saa saba usiku, nimeweka spika za masikioni, ndipo nikamsikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Shaa, shaa, na juu yake mguso mdogo, tik, halafu shaa tena. Kijiti kinapogonga ngozi, sauti huzaliwa na kufa papo hapo. Huyu yake ilikuwa haifi. Mkono wa kushoto hauondoki kwenye ngozi, unazunguka tu, na wa kulia unadonoa mapigo juu ya ule mzunguko. Halafu nikasikia makofi, nikakumbuka mzee aliniambia ilirekodiwa wapi: kwenye ukumbi wa hoteli, Pershing. Hotelini! Kazi ileile niliyoiona adhabu.

Mwishoni mwa CD kulikuwa na mpiga drams Ed Thigpen akimsindikiza mpiga kinanda Oscar Peterson. Peterson anamimina vidole kama mvua ya masika, na Thigpen anakwenda naye kwa kasi ileile, kwa brashi, hata hakohoi. Baadaye nilijua kwamba alihamia Copenhagen mwaka 1972 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2010, na kwamba aliandika kitabu kizima cha kufundisha brashi. Mimi wiki ile mwalimu wangu alikuwa meza ya jikoni. Mke wangu akauliza, "Baba fulani, unafuta nini hapo ambacho hakitoki?"

Ijumaa nikarudi hotelini, na brashi zikagoma kulia. Ngozi ya snea yao, ile ngoma ndogo iliyo mbele ya mpiga drams, ilikuwa plastiki laini, ya kuona hadi ndani. Brashi inahitaji ngozi yenye mkwaruzo, la sivyo inateleza kama soksi kwenye marumaru. Saa moja na nusu jioni ningeipata wapi? Nikaomba gazeti la siku ile mapokezi, nikalitandaza juu ya snea, nikalibana pembeni kwa solotepu.

Likalia. Shaa. Mzee akageuka, akatazama gazeti, akanitazama mimi, kisha akaanza wimbo wa taratibu bila kuhesabu. Katikati akapunguza kinanda hadi akanyamaza kabisa, besi naye akafuata, nikabaki peke yangu na gazeti langu. Nilisikia uma zikigusa sahani. Nilisikia mawimbi, ambayo wiki nzima iliyopita sikujua kama yapo. Nikaendelea kuzungusha. Mama mmoja meza ya karibu aligeuza kiti chake kututazama, akasahau kutafuna. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Tulipomaliza, mpiga besi, Yanga damu, akabandua gazeti asome habari za mechi. Katikati ya ukurasa palikuwa na duara la ukubwa wa sahani, wino wote umehamia kwenye nyaya za brashi zangu.

"Sasa bao la pili kafunga nani?" akauliza.

Mzee hakuinua kichwa. "Mwulize huyo. Yeye ndiye kalifuta."