Milinganyo 60 yenye x chini ya mstari: kumbukumbu ya mradi wangu

Siku ya 1

Nimefungua daftari jipya leo. Mradi ni huu: nikokotoe milinganyo 60 ya sehemu, ile ambayo x imekaa kwenye asili, yaani chini ya mstari. Nilipokuwa sekondari nilikwama papo hapo. Nilipata jibu, nikalikagua hatua kwa hatua, sikuona kosa, na bado karatasi ilirudi na wino mwekundu bila neno la kunieleza. Miaka kumi na moja imepita na swali lile halijanitoka.

Shangazi yangu alifundisha hisabati muda mrefu. Amekubali kunisaidia kila Jumamosi kwa sharti moja: nisimpelekee swali tupu. Nimpelekee kazi yangu mpaka mstari niliokwama, bila kufuta chochote.

Nimeanza na mwepesi: 3/x + 1/2 = 5/x. Asili ni x na 2, kwa hiyo kigawe kidogo cha shirika, KDS, ni 2x. Nikizidisha kila kipande kwa 2x napata 6 + x = 10, na x ni 4. Nimeirudisha 4 mahali pake: 3/4 na 1/2 ni 5/4. Imekubali.

Siku ya 3

Leo nimepoteza karibu saa nzima kwa kukata nisichostahili kukata. Kwenye (x + 6)/(x + 3) nilifuta x ya juu na x ya chini, nikabaki na 6/3, nikaandika 2. Jibu lilikataa, nami sikujua kwa nini. Mwishowe nikaweka 1 mahali pa x: 7/4. Si 2 hata kidogo. Kinachokatika ni kile kinachozidisha juu yote na chini yote. X hapa imejumlishwa tu, haizidishi kitu. Nimeacha kosa lile wazi kwenye ukurasa, kama tulivyokubaliana na Shangazi.

Siku ya 6, Jumamosi ya kwanza

Nilimpelekea Shangazi huu:

x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2

Nilizidisha kote kwa x − 3, nikapata x = 3 + 2(x − 3), nikafungua mabano: x = 2x − 3. Basi x ni 3. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Shangazi hakuniambia nimekosea. Alinisogezea kalamu akasema, "Mwanangu, hebu irudishe hiyo 3 mahali pa x." Nikaandika 3 − 3 chini ya mstari, mkono ukasimama. Sifuri. Kugawanya kwa sifuri hakuna.

Nikarudia hesabu mara mbili mbele yake. Kila hatua ilikuwa sawa. Na hilo ndilo lililonisumbua miaka yote: ikiwa hakuna hatua iliyokosewa, jibu la uongo limeingilia wapi?

"Hapa ulizidisha kwa nini?"

"Kwa x − 3, Shangazi."

"Na kama x ni 3, umezidisha kwa ngapi?"

Kwa sifuri. Hapo akaandika pembeni mwa ukurasa: 5 = 7. "Zidisha pande zote kwa sifuri." Nikapata 0 = 0. Usemi wa uongo umegeuka wa kweli, na kila nilichofanya kilionekana halali.

Ukizidisha pande zote kwa 4, unaweza kugawanya kwa 4 ukarudi ulikotoka. Ukizidisha kwa sifuri, hakuna njia ya kurudi. 5 na 7 zimekwisha kuwa kitu kimoja. Ninapozidisha kwa x − 3 sijui bado kama nimeshika sifuri mkononi, kwa sababu x ndiyo ninayoitafuta. Kwa hiyo 3 ni jibu la mlinganyo mpya niliouzaa mwenyewe, lakini kwa ule wa mwanzo si jibu. Ule wa mwanzo hauna jibu lolote.

Nimetoka pale na kifua chepesi. Laiti ningeambiwa hivi nikiwa darasani, dakika tano tu.

Tangu leo mstari wa kwanza wa kila swali, kabla sijagusa kitu, ni "x haiwezi kuwa…".

Siku ya 9

Mstari ule umeanza kufanya kazi. x/(x − 2) = 8/(x² − 4). Asili ya kulia ni (x − 2)(x + 2), kwa hiyo nikaandika juu: x haiwezi kuwa 2 wala −2. Nikazidisha kwa KDS: x(x + 2) = 8, yaani x² + 2x − 8 = 0, na vigawo vyake ni (x + 4)(x − 2). Majibu mawili, −4 na 2. Ile 2 ilikuwa imekwisha kukatazwa juu kabisa, nikaikata kwa mstari bila hofu. Ya −4 nikaijaribu: −4/−6 ni 2/3, na 8/12 ni 2/3.

Nilichokipenda ni kwamba asili ikishavunjwa katika vigawo inatoa vyote viwili kwa pamoja, KDS na namba zilizokatazwa.

Siku ya 13

Jumamosi ya pili. Fupi. 5/(x − 2) + 3/(2 − x) = 1. Nilikuwa natafuta KDS ya asili mbili, kumbe ni moja iliyogeuzwa alama: 2 − x ni −(x − 2). Inabaki 2/(x − 2) = 1, na x ni 4. Shangazi ananisihi nizitazame asili zote kwanza, kalamu ikiwa mezani.

Siku ya 20

Mabomba. Bomba moja hujaza tangi kwa saa x, la pili huchukua saa 5 zaidi, na yakifunguliwa pamoja tangi hujaa kwa saa 6. Kilichonisaidia ni kuuliza kila bomba linafanya kiasi gani kwa saa moja: la kwanza 1/x ya tangi, la pili 1/(x + 5), yote mawili 1/6. Kwa hiyo 1/x + 1/(x + 5) = 1/6, ambayo baada ya KDS ni x² − 7x − 30 = 0. Majibu: 10 na −3.

Nilikimbilia kuiita −3 jibu la uongo kama ile 3 ya Jumamosi ya kwanza. Shangazi akanizuia: "Imekatazwa wapi?" Haikukatazwa popote. Nikaijaribu: −1/3 na 1/2 ni 1/6. Mlinganyo unaikubali kabisa! Anayeikataa ni tangi, maana hakuna bomba linalojaza kwa saa −3. Kumbe jibu laweza kuanguka kwa sababu mbili zisizohusiana, na sitaki tena kuzichanganya.

Siku ya 27

Nimefika 41. Tisa nilizikosa mara ya kwanza. Tano kati ya hizo ni kosa lile lile: kusahau kuzidisha kipande kisicho na sehemu. Kwenye 6/(x + 1) + 2 = 4, ile 2 na ile 4 lazima nazo zizidishwe kwa x + 1. Sasa naziandika 2/1 na 4/1 kwanza, ingawa inachosha, na tangu nianze kosa halijarudi. (Jibu ni 2.)

Siku ya 29

Namba 42: 1/(x − 1) − 1/(x + 1) = 2/(x² − 1).

Mstari wa kwanza kama kawaida: x haiwezi kuwa 1 wala −1. Nikazidisha kwa KDS: (x + 1) − (x − 1) = 2. Nikafungua mabano, x ikaondoka, nikabaki na 2 = 2.

Sikumpigia Shangazi. Nilikaa nayo. Nikajaribu 2: 1 toa 1/3 ni 2/3, na upande wa kulia ni 2/3. Nikajaribu 0: −1 toa 1 ni −2, na kulia −2. Nikajaribu 5: 1/4 toa 1/6 ni 1/12, na 2/24 ni 1/12. Zote zinakubali. Kila namba inakubali, isipokuwa mbili.

Nikapanda tena juu ya ukurasa, nikauzungushia duara ule mstari wa kwanza. Ndio uliokuwa jibu.