Mchana wa Kubishania "Sound"

Niliwahi kutafsiri kijitabu cha wanafunzi kuhusu namna binadamu alivyojifunza kupima kina cha bahari, na kazi hiyo ndiyo iliyonikalisha mchana kutwa kwenye meza moja na watu wawili tukibishania neno moja la Kiingereza. Mmoja alikuwa mhariri wangu, mama wa makamo aliyefundisha lugha kwa muda mrefu kabla ya kuingia katika uhariri, na kwa sababu hiyo sote tulimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa mhandisi wa vyombo vya baharini aliyeombwa kuhakiki upande wa sayansi. Rasimu yangu ilirudi kutoka mikononi mwake ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, na sehemu kubwa ya wino huo ilizunguka mahali nilipotafsiri neno "sound".

"Samahani, Mwalimu," alianza, "lakini ndugu yetu hapa ameiacha roho ya neno. Chombo hiki kinapiga sauti ndani ya maji, sauti inagonga sakafu ya bahari na kurudi, na ndiyo maana Waingereza wakakiita 'echo sounder'. Yeye ameandika kipimakina cha mwangwi. Sauti yenyewe ameipeleka wapi?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kujibu upesi. Alivuta kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokuwa pembeni, akaifungua kwenye herufi husika, kisha akamsogezea. "Hebu hesabu mwenyewe, Mhandisi, vidahizo ni vingapi." Neno lile lile, kwa tahajia ile ile, lilikuwa limegawanywa mara nne, kila kidahizo, yaani neno linalofungua maelezo katika kamusi, kikiwa na tarakimu ndogo begani na asili yake. Watunga kamusi hufanya hivyo kwa makusudi: maana zilizochipuka katika shina moja hukaa chini ya kidahizo kimoja, ilhali maneno yaliyofanana kwa bahati tu hutengwa. Kamusi zetu hulifanyia neno "paa" jambo hilo hilo, kwa kuwa paa wa porini, paa la nyumba na kupaa samaki havina sababu ya kulala kitanda kimoja. Tofauti ni kwamba sisi tuna ngeli za kutusaidia. Ukisikia "paa huyu" hutazami juu. Kiingereza hakina msaada huo, na msomaji huachiwa muktadha peke yake.

Kidahizo cha kwanza kilikuwa kile alichokuwa nacho Mhandisi kichwani, yaani sauti. Neno hilo lilianzia kwenye Kilatini "sonus", likapita katika Kifaransa cha watawala wa Kinormani, na kuingia katika Kiingereza likiwa "soun", bila d mwishoni. Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, aliliandika hivyo. Herufi d ilijibandika baadaye midomoni mwa watu, kwa kuwa ulimi ukitoka kwenye n huelekea kuacha d nyuma yake, na neno la radi lilipatwa na hali hiyo hiyo: "thunor" ya Kiingereza cha Kale ndiyo "thunder" ya leo. Jambo hili lilinivutia kuliko yote tuliyoyasoma siku ile, kwa sababu lina maana kwamba isingekuwa d hiyo ya kuokota njiani, ubishi wetu wote usingekuwapo. Sauti ingeendelea kuwa "soun", na maneno mengine matatu yangebaki na d yao halali.

Cha pili hakikutuchukua muda. Ni kile cha uzima: mwili mzima, hoja isiyo na ufa, usingizi mzito, na maneno ya wosia yanayosema kwamba mwandishi wake ana akili timamu. Asili yake ni "gesund" ya Kiingereza cha Kale, ndugu wa neno la Kijerumani linaloandikwa hivyo hivyo hadi leo. Katika kijitabu kilijitokeza mara moja tu, katika habari za meli iliyokaguliwa na kuonekana imara, na hata Mhandisi hakuwa na neno.

Cha tatu ni mlango wa bahari, ule mkondo mwembamba kati ya nchi kavu mbili. Hiki kilitoka kwa watu wa Skandinavia, ambao "sund" kwao ilikuwa ni kuogelea na pia ni mkondo wa maji, na bado kinaonekana waziwazi katika jina la Øresund, kati ya Denmark na Sweden. Mabaharia wa Uingereza walikwenda nalo mbali. James Cook aliupa mkondo mmoja wa New Zealand jina la Queen Charlotte Sound mwaka 1770, na George Vancouver, mwaka 1792, akaliweka jina la luteni wake kwenye Puget Sound, upande wa magharibi wa Marekani. Chini ya mzizi huo huo kamusi ilikuwa na maana nyingine ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia: kibofu cha hewa cha samaki, kile kinachomsaidia asizame wala kuelea bila kutaka. Ukikumbuka kwamba mzizi ni kuogelea, huoni ajabu. Mhandisi alikinukuu kwenye daftari lake bila kusema kitu.

Ndipo tukafika kwenye cha nne, ambacho ndicho kilichokuwa na kesi.

Kupima kina kulikoitwa "to sound" kulitoka kwenye Kifaransa cha Kale, "sonder", na "sonde" ilikuwa kamba ya kupimia. Kabla ya hapo wanaisimu hawakubaliani. Wapo wanaoiunganisha na Kilatini kwa maana ya kwenda chini ya mawimbi, na wapo wanaosema Wafaransa waliitoa kwa watu wa kaskazini, kwa hoja kwamba Kiingereza cha Kale kilikwisha kuwa na "sundgyrd", fimbo ya kupimia maji. Kama hawa wa pili wana haki, basi cha tatu na cha nne ni ndugu wa damu. Lakini hakuna upande unaokipeleka kwa sauti. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kimya: baharia alisimama ubavuni mwa meli akitupa kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi, akihisi kwa mikono lini kimegusa chini.

Kuhusu kamba hiyo nilikuwa nimeandika ukurasa mzima na sikutaka hata mstari wake mmoja ukatwe. Ilitiwa alama kwa vitu mbalimbali ili baharia aweze kuisoma gizani kwa vidole au hata kwa midomo: vipande viwili vya ngozi kwenye pima ya pili, vitatu kwenye ya tatu, kitambaa cheupe kwenye ya tano, chekundu kwenye ya saba, na kwenye ya kumi kipande cha ngozi chenye tundu. Vile vitambaa navyo vilikuwa vya namna tofauti, kwa kuwa rangi haina faida usiku. Chini ya ile risasi palichimbwa kishimo kilichojazwa shahamu, ili mchanga, matope au vipande vya kombe vinase na kumwonyesha nahodha yuko juu ya sakafu ya aina gani. Samuel Clemens, aliyekuwa rubani wa meli za mto Mississippi kabla ya kuwa mwandishi, alijiita Mark Twain kutokana na mwito wa mpimaji anapofika pima ya pili. Hapa Kiswahili hakikunipa taabu hata kidogo, kwa kuwa "fathom" yao na pima yetu ni kitu kimoja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

"Kwa hiyo," Mwalimu alisema, "mwaka 1875 watu wa meli ya Challenger walipoteremsha kamba karibu na visiwa vya Mariana na kufikia pima 4,475, neno hili walilitumia au hawakulitumia?"

"Walilitumia."

"Na sauti ilikuwapo?"

Mhandisi alicheka. Zaidi ya mita 8,000 za kamba, na hakuna mwangwi uliosikika. Hata hivyo hakukubali kushindwa kwa urahisi. Alirudi kwenye mashine yenyewe, akatueleza habari za Alexander Behm, Mjerumani aliyetaka kutafuta namna ya kugundua siwa barafu baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Barafu haikumrudishia mwangwi wa kutosha, ila sakafu ya bahari ilimrudishia vizuri, naye akapata hataza mwaka 1913. Kati ya mwaka 1925 na 1927 meli ya Kijerumani iitwayo Meteor ilivuka na kuvuka tena Atlantiki ya Kusini ikipima kwa njia hiyo mara makumi ya maelfu, kazi ambayo kwa kamba isingewezekana, kwa sababu sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kwa sekunde na kamba huchukua saa nzima na zaidi kushuka. Sasa mtu anawezaje kusema sauti haimo?

Mwalimu alimwuliza Wajerumani hao walikiitaje chombo chao.

"Echolot."

"Na 'Lot' ni nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ni ile risasi ya kupimia. Wajerumani walikuwa wameandika mwangwi na risasi ya baharia, basi. Waingereza walifanya vivyo hivyo, ila kwao neno la kazi ya risasi lilikuwa limekwisha kufanana kabisa na neno la sauti, na mashine ikayakutanisha maneno mawili yasiyojuana katika jina moja. Kwa maoni yangu hakuna anayeweza kulaumiwa kwa kusikia sauti ndani ya "sounder". Masikio ya Waingereza wenyewe yanaisikia. Ila mfasiri wa kijitabu cha wanafunzi hafasiri masikio, na "kipimakina" kilisema kile chombo kinachofanya.

Mhandisi alikuwa na karata moja iliyobaki, nayo ilikuwa nzuri. Sonari, yaani mtambo wa kutambua vitu majini kwa sauti, alisema, ni kifupi kilichotungwa na Wamarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na herufi zake mbili za mwanzo zimetoka kwenye "sound" ya sauti, si ya risasi. Hilo ni kweli kabisa. Mwalimu alimpa haki yake papo hapo, akaniagiza katika faharasa niweke sonari peke yake, na maelezo yake yaanze na neno sauti.

Kisha yule bwana akafungua daftari lake na kutusomea alichonukuu. Samaki anayeonekana kwenye skrini ya kipimakina, alitueleza, huonekana hasa kwa sababu ya kibofu chake cha hewa, kwani nyama yake inakaribiana na maji na hairudishi mwangwi mwingi. Papa, ambaye hana kibofu, hutoa alama dhaifu zaidi. Kwa hiyo mvuvi aliye katika mlango wa bahari akiwasha chombo kizima, anapima kwa sauti na kupata mwangwi wa kibofu, na kwa Kiingereza neno moja linatosha kwa vyote vitano. Alitaka sentensi hiyo iingie katika kijitabu.

"Haiingii," Mwalimu alimjibu, huku akiinakili pembezoni mwa nakala yake mwenyewe.