Baraza la mbele ya duka la zamani limepona!

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha mipango miji, hapa Jinja, Uganda.

Mwenye jengo alitaka kubomoa duka lote la zamani ajenge ghorofa. Maduka ya zamani ya mtaa huu waliyajenga Wahindi, kabla Rais Idi Amin hajawafukuza mwaka 1972. Mengine yana mwaka wa ujenzi ukutani hadi leo.

Imeamuliwa: ghorofa ijengwe nyuma, baraza la mbele lisiguswe.

Mzee fundi cherehani anayeshonea pale barazani hakusema neno. Alisimama, tepu ya kupimia bado shingoni, akamshika mwenye jengo mkono kwa mikono yake miwili.

Machozi yalinitoka jamani.

Sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kihistoria, ya 2023, tunayo. Lakini tusipokwenda vikaoni, nani ataisemea mitaa yetu?

Watu wa Jinja, nani ana picha za zamani za mtaa? Tupieni hapa chini.