Zuio la Mau na thamani ya amri za muda za Mahakama ya Arusha

Tarehe 9 Novemba 2012 Wizara ya Ardhi ya Kenya ilitoa maelekezo ya kuondoa zuio lililokuwa limewekwa kwenye miamala ya ardhi katika eneo la Msitu wa Mau, kwa mashamba yasiyozidi ekari 5. Kwa mtu asiyejua yaliyokuwa yakiendelea, hilo lilikuwa jambo la kawaida la kiutawala, na pengine hata jema kwa wakulima wadogo. Lakini tangu Julai mwaka huohuo shauri la Waogiek, jamii ya asili ya msitu huo, lilikuwa limekwisha kufikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, na ubishi wenyewe ulihusu ni nani mwenye haki juu ya ardhi hiyohiyo. Kila shamba ambalo lingeuzwa na kuandikishwa kwa jina la mnunuzi mpya lingekuwa limechomolewa kwenye kesi kabla ya majaji kuwasikiliza wenyewe.

Tarehe 15 Machi 2013 Mahakama ilitoa amri ya muda: Kenya irudishe mara moja zuio ililoliondoa, ijiepushe na kitendo chochote kinachoweza kuliathiri shauri la msingi kiasi cha kutorekebishika, na ndani ya siku 15 tangu kuipokea amri itoe taarifa ya hatua ilizochukua. Amri hiyo haikutamka kwamba Waogiek ndio wamiliki, wala haikuitia Serikali hatiani. Ilitaka ardhi ibaki ilivyo hadi hukumu itoke, na hukumu ilitoka tarehe 26 Mei 2017, zaidi ya miaka minne baadaye, ikiwapa Waogiek haki. Yeyote anayeona amri za muda kuwa ni taratibu ndogo za kiofisi na aitafakari miaka hiyo minne: ni muda wa kutosha kabisa kuuza, kukata miti, kujenga na kuhamisha watu, kisha kuja mahakamani kusema kwamba hakuna tena cha kurudisha.

Msingi wa mamlaka hayo ni Ibara ya 27(2) ya Itifaki ya mwaka 1998 iliyoianzisha Mahakama. Ibara hiyo inataka mambo matatu yawepo: hali iwe ya uzito uliopita kiasi, iwe ya dharura, na amri iwe ya lazima ili kuwaepusha watu na madhara yasiyoweza kurekebishika. Yakiwepo, Mahakama inachukua hatua za muda inazoona zinafaa. Katika hatua hiyo majaji hawahitaji kujiridhisha kikamilifu kwamba wana mamlaka ya kusikiliza shauri lote. Inatosha yaonekane hivyo kwa mtazamo wa awali. Hawahitaji hata kuombwa. Machi 2011, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoishtaki Libya kwa mauaji ya waandamanaji, haikuwa imeomba amri yoyote ya muda, lakini tarehe 25 mwezi huo Mahakama iliitoa kwa hiari yake na kuiagiza Libya ijizuie na vitendo vya kuua na kudhuru watu. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Mahakama.

Kabla ya Mahakama kuwepo, kazi hii ilifanywa na Tume yenyewe, yenye makao yake Banjul, Gambia, na kumbukumbu zake zinaumiza. Mwaka 1995 Tume iliiomba Nigeria isitishe adhabu ya kifo dhidi ya Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wa haki za Waogoni, na wenzake. Tarehe 10 Novemba walinyongwa, yeye na wenzake 8. Mwaka 1998 Tume iliamua kwamba kwa kulipuuza ombi lile Nigeria ilikiuka Ibara ya 1 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, yaani wajibu wa kuutekeleza Mkataba wenyewe. Uamuzi huo ni sahihi, na uliwakuta watu tisa wakiwa kaburini.

Kisa cha Botswana hutajwa mara chache, nami naona kingefaa kufundishwa kwa kila wakili kijana. Mwishoni mwa Machi 2001 Tume ilituma barua kwa faksi ikiomba mwanamke mmoja aliyehukumiwa kifo asinyongwe hadi shauri lake lisikilizwe. Alinyongwa tarehe 31 Machi. Serikali ilijitetea kwamba faksi haikuwahi kuifikia, na Tume, ikiwa haina uthibitisho kwamba ilipokelewa, haikuweza kuitia hatiani kwa hilo. Kwa hiyo, anayeomba amri ya kuokoa maisha ahakikishe kuna sahihi ya mpokeaji, tarehe na saa, na nakala ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu, kwa wizara na kwa mkuu wa gereza.

Kwa muda mrefu serikali zilishikilia hoja kwamba maagizo ya namna hii ni maombi ya heshima tu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu yenyewe ilikubali hivyo mwaka 1991 katika kesi ya Cruz Varas dhidi ya Sweden. Ilibadili msimamo baada ya Uturuki kuwakabidhi Mamatkulov na Askarov, raia wawili wa Uzbekistan, kwa nchi yao mwaka 1999 huku ikiwa imeelekezwa isifanye hivyo. Katika hukumu ya tarehe 4 Februari 2005 ilisema kwamba nchi inayopuuza hatua za muda inavunja haki ya mtu ya kulalamika mbele ya Mahakama. Kwangu mimi hoja hiyo haina jibu: haki ya kufungua shauri haina maana iwapo mlalamikiwa anaruhusiwa kumwondoa mlalamikaji kabla hajasikilizwa.

Hapa kwetu Tanzania suala hili limejitokeza zaidi kwa waliohukumiwa kunyongwa. Tarehe 18 Machi 2016 Mahakama ilitoa amri katika mashauri kadhaa ya wafungwa hao, ikizuia adhabu zisitekelezwe hadi mashauri yaamuliwe. Nimesikia watu makini wakisema amri hizo hazikuwa na haja, kwa kuwa hakuna aliyenyongwa nchini tangu mwaka 1994. Siafiki. Adhabu ingali kwenye sheria, na desturi ya kutoitekeleza inategemea uamuzi wa Rais aliyepo madarakani. Anayekuja baada yake hafungwi nayo. Katika mojawapo ya mashauri ya aina hiyo, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji kunakiuka haki ya kuishi.

Siku chache kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imewasilisha hati ya kuondoa tamko lake chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki, linalowawezesha watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja mahakamani. Côte d'Ivoire ilifanya vivyo hivyo Aprili 2020, siku chache baada ya kupewa amri ya muda kuhusu hati ya kukamatwa kwa Guillaume Soro, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Kujitoa huko huanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja na hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa, msimamo ambao Mahakama iliuweka mwaka 2016 baada ya Rwanda kujitoa.

Kwa Tanzania mlango huo ulifungwa tarehe 22 Novemba 2020. Tangu hapo, Mtanzania mwenye dharura njia yake katika mfumo wa Afrika ni kupitia Banjul: aiombe Tume itoe hatua za muda, na Tume ikipuuzwa inaweza kulipeleka jambo Arusha. Waogiek walipita njia hiyohiyo, na Tume ilitoa maelekezo yake kwa Kenya Novemba 2009 bila kujibiwa, wakati amri ya Mahakama ilipatikana Machi 2013. Mtu anayesubiri kunyongwa au kubomolewa nyumba hawezi kungoja miaka mitatu na zaidi, na kwa sababu hiyo naiomba Serikali yangu ilirudishe tamko lile.