Nasaba ya Mtoro

Kwa mwalimu wa darasa, mtoro ni mtoto ambaye jina lake limeitwa asubuhi na hakuna aliyeitika. Nilifundisha historia kwa miaka mingi katika shule za sekondari za mkoa huu wa Kigoma, na katika miaka hiyo yote niliwaita watoto watoro bila kufikiri hata siku moja kwamba nilikuwa nikitumia neno ambalo wazee wa Ujiji, enzi za misafara, walilitumia kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Neno hilo limenirudia mwaka huu kwa njia nisiyoitarajia, yaani kwa kusoma vitabu vya kale vya Marekani, vingine vya nasaba za koo na vingine vya watu waliotoroka utumwani.

Sikuanza na watoro. Nilitaka kuandika ukoo wetu kabla wazee waliobaki hawajaondoka, na kwa kuwa sikujua kazi ya namna hiyo hupangwaje, nikaona ni busara kwanza kutazama wenzetu walivyofanya. Vitabu vya karne ya 19 vingi vimekwisha muda wake wa hakimiliki, hivyo husomwa bure kwenye intaneti, nami nilivisoma kwenye simu nyakati za usiku, kifurushi kinapokuwa rahisi na mbu wanapokuwa wengi.

Wamarekani wa kanda ya New England walianza mapema. Mwaka 1829 John Farmer alichapisha kitabu cha kuorodhesha walowezi wa kwanza wa kanda hiyo na vizazi vyao, na kati ya mwaka 1860 na 1862 James Savage alitoa kamusi ya nasaba za watu haohao katika majuzuu manne. Kazi kubwa kiasi hicho iliwezekana kwa sababu koloni la Massachusetts liliagiza tangu mwaka 1639 kwamba vizazi, ndoa na vifo viandikwe katika vitabu vya mji. Mwandishi wa nasaba alikuwa na mahali pa kuanzia: daftari la mji, sajili ya ubatizo, wosia, hati ya shamba, na jiwe la kaburi lililochongwa tarehe. Kwa msomaji asiye wa ukoo husika vitabu hivi ni vikavu kupita kiasi, kwa maana fulani alizaliwa, akaoa, akazaa saba, wawili wakafa wachanga, akafa, na ukurasa unaofuata mwanawe naye anafanya vivyo hivyo. Hata hivyo niliwaonea wivu. Mtu wa Boston aliweza kumtaja babu wa babu wa babu yake pamoja na siku aliyobatizwa, na mimi nimekwama kwa mama mzaa babu yangu.

Mwaka 1845 wapenzi wa nasaba wa Boston waliunda chama chao, ambacho kipo hadi leo. Katika mji huohuo na mwaka huohuo, ofisi ya wapinga utumwa ilichapisha kitabu chembamba cha Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka kutoka Maryland. Nilipoziona tarehe hizo mbili niliweka simu chini. Watu wa chama kile walikuwa wakikusanya tarehe za kuzaliwa za wazee wao, huku Douglass akikifungua kitabu chake kwa kusema kwamba hajui umri wake kwa uhakika, na kwamba watumwa walio wengi wanajua umri wao kwa kiasi kilekile ambacho farasi anaujua wa kwake. Baada ya hapo, kabla hajasimulia mjeledi hata mmoja, anaitaja nasaba yake, fupi kama ilivyo: mama yake ni Harriet Bailey, binti wa Isaac na Betsey Bailey. Mama huyo alitenganishwa naye angali mchanga, na hakumwona zaidi ya mara nne au tano maishani, tena usiku tu, kwa sababu alitembea kwa miguu kutoka shamba la mbali baada ya kazi na ilimbidi awe amerudi kabla ya jua kuchomoza.

Douglass aliishi akiamini kwamba alizaliwa mwaka 1817. Zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake mtafiti mmoja aliitazama leja ya bwana wake wa kwanza, Aaron Anthony, akakuta mtoto Frederick Augustus, mwana wa Harriet, ameandikwa kwamba alizaliwa Februari 1818. Tarehe ambayo mwenyewe aliitafuta maisha yake yote ilikuwa katika hesabu za mali ya mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa mamilioni ya wengine. Katika sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mwenye mali, na wao wenyewe wakaandikwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila jina. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina yao, na ndiyo sababu Wamarekani weusi wanaotafuta koo zao hugonga ukuta wanapofika mwaka huo, kisha huanza kupekua wosia, leja za mashamba na matangazo ya magazeti ya kusaka watoro.

Matangazo hayo ni kitu cha ajabu kusoma. Bwana aliyekimbiwa, ili mtu wake akamatwe, alilazimika kumweleza kama binadamu: kimo chake, kovu lake, namna anavyozungumza akiulizwa, na mara nyingi mahali alipo mama yake au mume wake, kwa kuwa alijua fika mtoro hukimbilia wapi. Mtu aliyekataa kwa miaka yote kwamba mtumwa wake ana ukoo aliukiri mwenyewe gazetini, kwa fedha zake.

Hata hivyo kutoroka kwenyewe kulikata nasaba, na jambo hili sikuwa nimelifikiria. Mtoro hakuweza kubaki na jina lake. Frederick Bailey alipopanda gari la moshi pale Baltimore tarehe 3 Septemba 1838, amevaa nguo za baharia na ameshika karatasi za kuazima za baharia mwingine, alikuwa Bailey. Alipofika New York akawa Johnson, na New Bedford akawa Douglass. Katika kitabu cha mwaka 1845 alikataa kusimulia njia aliyopita, asije akawafungia wengine mlango, na msomaji ambaye hakuwa karibu naye alilazimika kusubiri hadi mwaka 1881 kupata habari kamili kitabuni. Harriet Tubman naye, mtoro wa Maryland aliyerudi mara nyingi kuwatorosha wengine, alizaliwa Araminta Ross. Mtoro akiisha kubadili jina, ndugu aliyeuzwa kusini atamtafutaje?

Swali hilo ndilo lililoandika kitabu ninachokipenda kuliko vyote, cha William Still. Still alizaliwa huru New Jersey mwaka 1821, lakini mama yake alikuwa mtoro. Mama huyo, Sidney, alitoroka kwanza na watoto wanne, wakakamatwa. Mara ya pili aliona kwamba hawezi kukimbia na wote, akawabusu wavulana wawili, Levin na Peter, wakiwa usingizini, akaondoka na mabinti. Alimfuata mumewe, ambaye alikwisha kujinunua, wakabadili jina la ukoo kutoka Steel kuwa Still, na yeye Sidney akajiita Charity. Wavulana waliuzwa Kentucky, baadaye wakapelekwa Alabama.

Mwaka 1850 William Still alikuwa karani katika ofisi ya wapinga utumwa mjini Philadelphia. Siku moja mwezi wa Agosti akaletewa mtu mzima aliyetoka Alabama, ambaye alijikomboa kwa fedha na sasa alikuwa anatafuta wazazi aliowaona mara ya mwisho zaidi ya miaka 40 iliyopita. Karani akamhoji kama alivyowahoji wengine. Majina ya wazazi? Levin na Sidney. Alikuwa Peter. Karani alikuwa anamhoji kaka yake, ambaye walikuwa hawajawahi kuonana.

Tangu hapo Still aliandika kwa makini zaidi kila mtoro aliyepita mikononi mwake: jina la zamani na jina jipya, alikotoka, bwana wake, aliowaacha nyuma, umri na sura. Mwaka huohuo ilitungwa sheria kali ya kuwarudisha watoro, hivyo daftari lile likikamatwa lingewafunga watu wengi, na kuna wakati alilificha katika jengo la makaburini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha alilichapisha, mwaka 1872, kitabu kinene cha karibu kurasa 800, akisema wazi kwamba alitunza kumbukumbu hizo ili jamaa waliotawanyika wapate kutafutana. Wachapishaji wanakiweka katika rafu ya utumwa. Mimi ningekiweka kando ya majuzuu ya Savage, maana kazi yake ni ileile, ila hiki kiliandikwa wakati wenye nasaba wangali njiani na mbwa wako nyuma yao.

Vingine navitaja kwa ufupi. Ellen Craft wa Georgia alikuwa binti wa bwana wake mwenyewe, na alifanana na watoto wa ndoa kiasi kwamba bibi wa nyumba, aliyechoshwa na wageni waliomdhania kuwa mwanawe, alimtoa zawadi ya harusi kwa binti yake halisi. Yaani dada alipewa dada. Desemba 1848 Ellen alivaa nguo za kiume, akajifanya kijana wa kizungu mgonjwa anayesafiri na mtumwa wake, ambaye kwa kweli alikuwa mumewe William. Mkono aliufunga kitambaa asiombwe kutia sahihi, kwa kuwa hakujua kuandika. Walifika Philadelphia siku ya Krismasi. Sura aliyorithi kwa baba, ambayo ndiyo iliyomtesa, ndiyo iliyomvusha. Naye Harriet Jacobs wa Edenton, North Carolina, alijificha karibu miaka saba katika upenyo wa darini kwa bibi mzaa mama yake, usiofika mita moja kwenda juu, akiwachungulia watoto wake kwa tundu. Kitabu chake cha mwaka 1861 kilitoka kwa jina la kubuni, na kwa muda mrefu wasomi wengi walikidhania kuwa hadithi ya kutungwa, mpaka barua na kumbukumbu zilipopekuliwa katika miaka ya 1980 na kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwandishi na kwamba aliyosimulia yalitokea.

Sasa nirudi Ujiji. Njia ya msafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora iliishia hapa ziwani, na ng'ambo ya ziwa ilikuwa Manyema, walikotoka wengi wa wazee wetu. Sisi hatukosi kitabu cha enzi hiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mtu mwenye sauti pale Tabora, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili kizuri, nayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Nasaba imo, tena inafanya kazi: anasimulia jinsi alivyomshawishi mtawala Kasongo Rushie kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani, na kwa maneno hayo akakabidhiwa nchi. Mwanamke aliyechukuliwa mateka akageuzwa kuwa ngazi ya mfanyabiashara wa pembe na watu. Kitabu cha mwanamke mwenyewe hatuna.

Sababu moja, nadhani, ni kwamba mtoro wa Marekani alikuwa na mahali pa kufika na watu waliotaka kuchapisha maneno yake. Wa kwetu alikuwa na njia nyingine ya kutoroka, ya kubaki palepale na kubadilika. Watu wa misafara walijiita waungwana hata wale waliokuwa wangali watumwa, na baada ya utumwa kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, aliyechukua dini, mavazi na pengine jina la ukoo wa bwana aliweza baada ya vizazi viwili kuwa mtu asiyeulizwa. Siwalaumu. Kumwuliza mtu wa hapa asili yake mbele za watu bado ni utovu wa adabu, na mimi mwenyewe nimepigiwa makelele msibani kwa swali la namna hiyo.

Katika ukoo wetu ficho hilo limekaa katika kitenzi kimoja. Nikimwuliza shangazi yangu, ambaye amevuka miaka 80, kuhusu bibi yake, yaani yule mama mzaa babu yangu, hujibu kwamba alikuja na msafara. Wote walikuja. Mtoto wa miaka minane au tisa, peke yake, kutoka Manyema, alivuka ziwa, alikuja. Niliandika hivyo katika daftari langu, mara tatu, kwa watu watatu.

Mwezi uliopita nilimsimulia habari za William Still, nikitafsiri polepole kutoka kwenye simu. Alisikiliza huku akichambua dagaa, na nilipofika pale mama anapowaacha wavulana usingizini mikono yake ikasimama.

"Huyo mwingine naye alionekana?" aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Levin alifia Alabama."

Akaendelea na dagaa wake. Baada ya muda mrefu, nikidhani habari imekwisha, aliniambia, "Lete hilo daftari lako, mwanangu, unisomee ulichomwandikia bibi yangu." Nikamsomea. Akasema jina nililoandika alipewa hapa Ujiji. La nyumbani kwao lilikuwa jingine, akalitaja, nami nikaliandika kama nilivyolisikia, bila kujua herufi zake sawasawa. Kisha akaniagiza nifute "alikuja" niandike "aliletwa".

Kuhusu mumewe bibi huyo, alisema niache "alikuja" kama lilivyo.