Nilibadilisha pampu ya mafuta, nikaikuta na geji ina ugonjwa wake

Gari lilikuwa linazima njiani likishapata joto, na geji ya mafuta nayo inadanganya: tanki nusu, mshale umelala kwenye E (tupu). Pampu nilijua imechoka. Ila kwenye gari langu pampu na kipimo cha mafuta (kinachoendesha geji) vinakaa fremu moja ndani ya tanki, kwa hiyo nikasema nikifungua mara moja, nikague vyote.

Nikachomoa waya wa hasi wa betri, nikang'oa kiti cha nyuma, nikatoa fremu taratibu nje penye hewa. Mvuke wa petroli hauna utani.

Nikaweka mita ya umeme kwenye omu (kupima ukinzani), ncha zake kwenye waya mbili za kipimo, nikapandisha boya lake, lile linaloelea juu ya mafuta, polepole kwa kidole. Namba zinatakiwa zibadilike bila kurukaruka. Zangu zilienda vizuri, kufika katikati zikapotea kabisa. Kumulika na tochi, naona kiulimi cha shaba kinachosogea na boya kimeinuka, hakigusi njia yake ya umeme. Nikakibonyeza kidogo kwa koleo, nikafuta njia kwa spiriti, nikapima tena: safi mwanzo mwisho.

Nikafunga pampu mpya, na mpira wa kuzibia tanki nikaweka mpya, wa zamani ulishavimba. Kuwasha, mshale ukapanda hadi nusu.