Friji Lililokufa Bado Lina Kazi

Ukipita asubuhi soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga utayaona yamelazwa chali: mafriji yaliyokufa, milango ikitazama juu, kutu pembeni. Mgeni hudhani ni chuma chakavu kinachosubiri mizani. Kumbe ndimo tunamotunzia samaki. Kompresa zilishakatwa, watu wa skrepa wameondoka na shaba yao, sisi tumebakiwa na kuta.

Na kuta ndizo ninazozitaka. Katikati ya bati la nje na plastiki ya ndani kuna povu gumu la rangi ya manjano. Lisugue kwa kidole, linakuwa unga. Ukilitazama kwa makini ni vitundu tu, vidogo mno, vimejaa gesi na kila kimoja kimezibwa peke yake. Joto hukimbia kwenye chuma, lakini kwenye gesi iliyotulia linapita kwa taabu. Na gesi iliyofungiwa namna ile haina nafasi ya kuzunguka ikabeba joto kutoka huku kwenda kule.

Kwa nini tunayalaza? Hewa ya baridi ni nzito. Friji likiwa limesimama, ukifungua mlango tu inakumwagikia miguuni. Likilala, ukifungua inabaki humo humo kama maji kwenye karai. Hata hivyo kijana anayeacha mfuniko wazi huku anabishana bei ya changu namfokea vile vile.

Barafu nayo ina nguvu ambayo watu hawaijui. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana kolekole wangu wanafika Korogwe na macho yao mang'avu. Lakini joto lolote linalopenya, barafu ndiyo inayolilipia, na barafu ni fedha yangu. Wenzangu wanagombana na muuza barafu. Mimi nagombana na mpira wa mlango.

Mzee aliyenifundisha kazi hii hakuwa na friji, zima wala bovu. Alifukia mapande ya barafu kwenye maranda ya seremala, juu gunia, na yalifika. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilitoka Boston, Marekani, na tani 180 za barafu, ikavuka ikweta mara mbili, ikatia nanga Calcutta na tani kama 100, bila mashine yoyote ya kugandisha. Shida ya maranda ni kulowa. Maji yakichukua nafasi ya hewa, maranda yamekwisha kazi, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Povu nalo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ukienda kununua friji bovu usivutiwe na rangi. Kagua chini kama kutu imetoboa, kisha linyanyue upande mmoja. Likiwa zito kuliko umbo lake, limekunywa maji. Mwachie mwenye skrepa.

Ninalo moja lisiloonja samaki. Hilo huazimwa na majirani siku za harusi: masufuria ya pilau yanaingia yakichemka, yanatoka wageni wakishaketi, bado yanafuka. Povu halibagui, liwe joto la kuzuiwa nje au la kufungiwa ndani.

Kabla hujatoa hela, bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na hapo ndipo joto litakapoingilia. Rudia pande zote nne, hasa kwenye bawaba. Kama kuta ni nzima, usiliache: punguza bei, kisha tyubu kuukuu ya baiskeli iliyopasuliwa na gundi ya viatu vitaziba pengo.